Barua ya wazi kwa Kamati ya Udahili: naomba sababu ya sampuli kukataliwa

Kumb. Na.: mnayo ninyi. Mfumo wenu uliniambia niitunze, kisha ukajifunga kabla sijaiandika.

Mwenyekiti,
Kamati ya Udahili,
Chuo Kikuu (jina nalihifadhi, maana bado nataka kusoma hapo).

YAH: OMBI LANGU LA KUSOMA SHAHADA YA SAYANSI YA MAABARA ZA AFYA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mwenye stashahada, niko hospitali ya wilaya, na mwaka huu niliwaombeni nafasi ya kujiendeleza. Jibu lenu lilikuja kwa maneno matatu: "Ombi lako halikufanikiwa." Nikalisoma hadi mwisho kutafuta sababu, nikakuta nukta.

Ndugu Mwenyekiti, ningekuwa nauza mitumba ningenyamaza. Lakini kazi yangu mimi ni kukataa. Kila siku nakataa damu iliyoganda kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, nakataa mkojo usio na jina, nakataa makohozi ambayo ukiyatazama vizuri ni mate matupu. Ninapokataa, nafungua rejesta ya sampuli zilizokataliwa, naandika tarehe, saa, sababu na jina la niliyemjulisha wodini, ili mgonjwa atolewe sampuli nyingine. Nikirudisha chupa ya mtu na kijikaratasi kilichoandikwa "haikufanikiwa", mganga mfawidhi ataniita ofisini kabla chai haijapoa. Utaratibu huo sikuubuni. Tulifundishwa vyuoni, na ninyi mnaufundisha, tena nasikia mnautungia maswali ya mtihani.

Basi naomba tu mniandike kwenye rejesta yenu. Niliganda? Nilikuwa kidogo? Au niliingia kwenye chupa isiyo yangu?

Nimejaribu kujichunguza mwenyewe. Tangazo lenu lilitaka stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi, ninao. Lilitaka uthibitisho wa tuzo kutoka NACTVET, nikaulipia. Lilitaka majina yafanane kwenye vyeti vyote, na hapo tulisumbuana kidogo, kwa sababu kwenye cheti cha kuzaliwa baba yangu ni Ramadhani na kwenye cheti cha kidato cha nne ni Ramadhan. Nilikwenda kwa wakili nikaapa kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Mama alipoisikia habari hiyo alishangaa sana. Miaka yote hakujua kwamba aliolewa na wanaume wawili.

Kwa hiyo nimebaki kuishuku Fizikia. Nilipata D, ambayo kwa vipimo vya Baraza la Mitihani ni ufaulu, ila ni ufaulu wa kuonewa haya. Naomba kuieleza. Nilisoma shule ya kata, zile zilizochipuka kila mahali katikati ya miaka ya 2000, majengo yakitangulia na walimu wakifuata nyuma kwa mguu. Maabara tulikuwa nayo: chumba kimoja chenye mlango, ndani yake yakiwa madawati mabovu. Pendula tulichorewa ubaoni, ikabaki imesimama hapo mpaka tunamaliza shule. Fizikia niliyo nayo leo nimeipata kazini. Naweza kuwaeleza kwa nini lenzi ya mara 100 haioni kitu mpaka udondoshe tone la mafuta juu ya slaidi: mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda ukapotea pembeni, na mafuta hayo hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, basi unapita moja kwa moja. Hilo hakuna aliyeniuliza. Fomu yenu iliuliza dini na kama nina bima ya afya.

Na hapa niseme neno juu ya namna maombi yanavyojazwa, kwa kuwa nadhani kamati hukutana kwenye chumba chenye kiyoyozi na haijawahi kufika steshenari. Tangu mfumo wa pamoja wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uondolewe mwaka 2017, kila mwombaji anaomba chuo kimoja kimoja na kulipa ada kila aombapo, ada isiyorejeshwa. Sisi wa wilayani tunaombewa na kijana wa steshenari. Ni mtu mwepesi, ana kompyuta mbili na feni, na amekwishapeleka chuo kikuu watu wengi kuliko afisa elimu. Bila kuinua macho aliniambia: "Chaguo la kwanza Udaktari, la pili Famasia, maabara tunaiweka ya tatu, ya kujihami." Nikamwambia naitaka maabara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Sasa akainua macho. Akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Nafikiri yeye anaufahamu mfumo wenu kuliko mimi. Kijana mwenye PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na alama nzuri, anayetaka kuitwa daktari, akikosa huko mnamteremshia maabara kama pole ya msiba. Anaingia darasani amenuna, muhula mzima anauliza taratibu za kuhama kozi. Mimi ninayeipenda harufu ya rangi ya Giemsa ya kupakia slaidi (tafadhali msicheke, ipo) mnaniambia sikufanikiwa. Sisemi kijana huyo asipewe nafasi. Wapo walioingia wamenuna wakatoka wataalamu hasa, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuhesabu vimelea. Nasema tu kwamba fomu ina sehemu ya kuandika jina la shule ya msingi, na haina hata mstari mmoja wa kuuliza mtu anaitaka kazi hii ya nini.

Pengine ni kwa sababu kazi yenyewe haionekani. Mgonjwa akipona anamshukuru daktari, halafu Mungu, halafu muuguzi kama alikuwa mpole. Mwezi Mei 2020 maabara ilipata bahati ya kujadiliwa na taifa zima, lakini ni kwa sababu Rais Magufuli, akiwa Chato, alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilikutwa na corona. Mitaani kwetu niliitwa Papai hadi mwaka uliofuata. Januari 2025 virusi vya Marburg vilipothibitishwa kwa mgonjwa wa Biharamulo, kazi ikianzia kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile mkoani Kagera, nilisubiri watu waseme kitu. Walisema wizara imefanya vizuri.

Huku kwetu tumeshazoea. Kabla sijaandika kwamba slaidi haina malaria, nimepita maeneo yasiyopungua 100 chini ya lenzi ya mafuta, moja baada ya jingine, shingo ikiuma. Majibu yanafika kwa dokta, anayasoma, anakubali kwamba hakuna malaria, kisha anaandika dawa mseto. Nikilinganisha, ninyi mmenitendea haki zaidi: hamkunipima, na dawa hamkunipa.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe. Nina jambo moja la kiofisi linalohitaji mwongozo wenu. Wiki ijayo mnaniletea wanafunzi wenu wa shahada kwa mafunzo kwa vitendo, kama mlivyofanya mwaka jana na mwaka juzi. Barua imeshafika, ina muhuri wenu na saini nzuri. Inanitaka niwafundishe kutoa damu bila kumtoboa mtu mara tatu, kupaka slaidi, kurekebisha mashine ya picha nzima ya damu inapogoma, na mwisho nijaze kwamba kila mmoja "amefuzu" au "hajafuzu". Kwa maelezo yenu wenyewe, bila saini yangu hawahitimu.

Chini ya fomu hiyo kuna kisanduku kilichoandikwa "Sifa za msimamizi". Miaka iliyopita nilijaza "stashahada" na hakuna aliyelalamika. Mwaka huu, kwa kuwa mmekwisha kutoa uamuzi rasmi kuhusu sifa zangu, naogopa kuwapotosha. Nijaze nini?

Naomba jibu kabla hawajafika, na safari hii liwe na sababu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwombaji ambaye hakufanikiwa
(na msimamizi wa wanafunzi wenu)

Nakala: Kijana wa steshenari, kwa taarifa. Ada ya kuchapa barua hii nitalipa mwisho wa mwezi.