Hapa Mwenye Mti Ndiye Anayelipa

Mjomba, Shangazi na nyote hapo Muheza,

Ujumbe wa Mjomba nimeupata, na uliofuata pia, na ule wa sauti ambao ndani yake hamna maneno, kuna kuguna tu. Jibu ni hili: pesa ya mwezi huu imeliwa na mti. Nisikilizeni kwanza kabla hamjaanza kusema nimeoa mke wa pili.

Nyumba tuliyonunua hapa Columbus, jimbo la Ohio, ina uwanja nyuma, na uwanjani kuna mti uitwao ash, una kama mita 20 kwenda juu. Muuzaji alituonyesha nyumba mwezi wa pili, na mwezi wa pili huku karibu miti yote ni maiti. Haina jani hata moja, huwezi kujua upi umelala na upi umekufa. Ilipofika Mei mtaa mzima ukavaa kijani, wetu ukabaki uchi, na vigong'ota wakawa wanaubandua magome kutwa kucha wakitafuta funza.

Muuaji ni mdudu wa kijani anayemeta, hafiki hata sentimita moja na nusu. Kwao ni Asia ya Mashariki, na wataalamu wanaamini aliingia amejificha kwenye mbao za makasha ya mizigo. Aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, mwaka uliofuata akaonekana Ohio, na hadi leo ameshamaliza makumi ya mamilioni ya miti ya jamii hiyo. Funza wake wanachimba njia chini ya gome mpaka chakula cha mti hakipiti tena. Viza hakuomba, ubalozini hakuhojiwa, na amejaza familia nzima.

Nikajiambia, basi tumepata. Si mnaukumbuka mwembe wa Bibi ulipokauka? Hatukumlipa mtu. Walikuja wenyewe, tena kwa kugombana: fundi mbao akataka gogo, wachoma matofali wakataka mizizi na kisiki, Shangazi akaondoka na matawi ya kuni za mwezi mzima, na Bibi akabaki na noti mkononi akilalamika kwamba amepunjwa. Nami nikawa namngoja mnunuzi wa mti wangu agonge mlango.

Aliyegonga ni jirani. Mzee mpole, huwa tunapungiana mikono tu. Safari hii alikuja na picha za mti wangu alizozipiga kutoka dirishani kwake, na barua fupi yenye tarehe. Nikadhani ni salamu. Mke wangu ndiye aliyenifungua macho: kwa desturi ya sheria za huku, mti mzima ukiangushwa na dhoruba juu ya nyumba ya jirani, bima ya jirani ndiyo inayobeba. Lakini ukishaambiwa kwamba mti wako umekufa, nawe ukanyamaza, hasara inaweza kukugeukia wewe. Ile barua ilikuwa ushahidi. Na aliileta akitabasamu, akatuachia na keki.

Nikaipigia simu bima yetu. Mama aliyepokea alikuwa na adabu zote. Akaniuliza kama mti umeangukia nyumba. Nikasema bado. Akasema basi hawana la kunisaidia. Ukiangukia paa nipige tena. Yaani wanausubiri mti ufanye kosa kwanza.

Ndipo wakaanza kuja watu wa bei. Wa kwanza alivaa kofia ngumu na kushika kishikwambi, akauzunguka mti bila kuugusa kama daktari aliyeitiwa mgonjwa wa ukoma, akaandika dola 3,800. Nikamuuliza kama hiyo ni bei anayoununulia. Hakucheka. Mwingine akasema 2,400, kisiki mbali: kukisaga kisiki ni dola 250 zaidi, maana kwao mti unaishia pale unapokatwa, kinachobaki ardhini ni biashara nyingine. Kisha akaja kijana na pikapu kuukuu, msumeno wa injini nyuma, akasema dola 700, taslimu, kesho asubuhi. Huyo nilimpenda papo hapo, niliona kama nimekutana na mtu wa nyumbani. Mke wangu akamwomba cheti cha bima. Kijana akatazama viatu vyake. Akidondoka kwenye uwanja wangu bila bima, hospitali yake inaweza kuwa kesi yangu, na bili ya mguu uliovunjika huku inatosha kununua shamba la machungwa pamoja na mwenye shamba.

Kwa hiyo tukachukua ile ya 2,400. Na kisiki. Pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi, ni zaidi ya milioni sita. Mkimaliza mpeni Mjomba maji.

Nilimuuliza msimamizi wao kwa nini iwe ghali hivyo, akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mti wa ash ukishakufa hukauka na kukatika ovyo, hakuna mpandaji mwenye akili atakayejifunga kamba kwenye tawi lake. Inabidi waje na kreni au gari lenye kikapu cha kumnyanyua mtu. Nyaya za umeme zipo upande mmoja, paa upande mwingine, kwa hiyo kila kipande kinateremshwa kwa kamba. Zaidi ya hayo yote kuna bima ya fidia ya wafanyakazi, ambayo kwa kazi hii ni kali, kwa sababu ukataji miti ni miongoni mwa kazi zinazoua sana Marekani. Nikaelewa kwamba fungu kubwa la pesa yangu halikuwa la kukata. Lilikuwa la kuogopa.

Walifika saa mbili asubuhi, saa sita mchana mti haupo. Matawi waliyalisha kwenye mashine inayosaga hata tawi la unene wa paja, yakatoka vipande vidogo vidogo, wakaondoka navyo. Kuvibeba kumo ndani ya bei. Jumamosi nikaenda duka la vifaa vya bustani. Vipande vya namna ileile vimefungwa kwenye mifuko, watu wananunua kumwagia maua yao. Kwenye kituo cha mafuta nako wanauza kuni, vijiti sita ndani ya wavu, kwa bei ya kuku. Na juu ya kuni hizo kuna tangazo linalomsihi mteja asizisafirishe mbali, asije akambeba yule mdudu. Shangazi, wewe ungefungua duka huku ukatajirika.

Sasa, Mjomba, nina ombi. Yule kijana anayetupandia minazi hana kofia, hana kreni, ana kamba miguuni na Mungu juu, nasi kila msimu tunabishana naye bei ya kila mnazi, kisha tunamwambia aje Ijumaa. Mwezi ujao nikituma pesa, mlipeni kwanza yeye deni lote tunalodaiwa. Bati za banda la kuku zisubiri.