Muulize Shangazi: Mchumba wa Inchi Kumi

Kwa miaka mingi safu hii ilikuwa ya ndoa. Mliniandikia kuhusu waume wanaochelewa kurudi, mawifi wanaohesabu vipande vya nyama chunguni, wachumba waliotoa nusu ya mahari wakahamia Mwanza. Siku hizi naona mmehama. Barua zote za wiki hii zinauliza habari za vishikwambi: kipi cha bei nafuu, kipi kitawafaa watoto, kwa nini hiki kimezima. Mhariri alinishauri nimwachie kazi hii kijana wa kompyuta. Nimekataa. Nimezisoma barua hizo na sioni kilichobadilika: ni watu walewale, wanadanganywa kwa maneno yaleyale.

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu wanaosoma, mke mmoja, na mama mkwe aliyekuja Pasaka kwa wiki mbili na bado yupo. Nimedunduliza laki tatu na nusu ninunue kishikwambi kimoja cha nyumba nzima. Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kijana mmoja amenionyesha kimoja cha inchi kumi, GB12 kwa GB512, betri elfu kumi, kwa laki na themanini tu. Juu yake ananipa kava, kibodi, kalamu, hedifoni na saa ya mkononi. Nimpe hela? — Baba Watatu, Mbagala*

Marahaba, baba. Zamani akija mtu kuposa na mabegi saba ya zawadi, wazee hawakusema huyu ana upendo. Walimtuma mtu kijijini kwao akaulize ukoo. Wewe hujatuma mtu. Umehesabu mabegi.

Tuanze na hiyo 512. Kwenye vishikwambi vya namna hiyo, namba unayoisoma kwenye mipangilio imeandikwa tu, kama mtu anavyoandika “Mwisho wa Matatizo” ubavuni mwa daladala. Ndani unaweza kukuta GB32, pengine 16. Utaingiza katuni za watoto, siku ya tatu kitakwambia nafasi imejaa, na wakati huohuo kikijisifu kuwa kina mia tano. Ile 12 nayo ina mchezo wake, na hapa hata kampuni zenye heshima zimo. RAM halisi ni 4, nane nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, kisha zote zikajumlishwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. RAM ya kukopa haikimbii kama ya kuzaliwa nayo. Ukiona 4+8, wewe soma 4 uendelee na safari.

Betri? Samsung, kwenye Galaxy Tab A9+ ya mwaka 2023 yenye inchi 11, waliweka mAh 7,040, na hawakuona haya kuiandika. Sasa muulize kijana wako alivyofanikiwa kushindilia elfu kumi kwenye kitu chepesi kama sahani ya plastiki. Muulize kwa upole. Sitaki ugomvi Aggrey kwa jina langu.

Kisha tuma mtu kijijini. Mwambie akiwashe, uweke CPU-Z, programu ya bure inayokuonyesha chipu na RAM iliyomo badala ya kusoma boksi. Kama kina tundu la laini, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, uzitume kwenda 15090, uone mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wanakitambua kwa jina gani. Mnaokumbuka Juni 2016, simu feki zilipozimwa, mnajua kwa nini nasisitiza. Shemeji yangu mmoja alishinda siku nzima juu ya mwembe akitafuta mtandao. Na kijana akikukataza kuweka CPU-Z kwa sababu “itaharibu seti”, mshukuru. Umepata jibu na nauli ya kurudi Mbagala bado unayo.

Kwa laki tatu na nusu, baba, acha kutafuta kikubwa, tafuta cha kweli. RAM 4 isiyo na alama ya kujumlisha, hifadhi 64, na nafasi ya memori kadi. Cha RAM 2 usikiguse hata kikiwa cha jina kubwa: utafungua kitabu, uingie WhatsApp mara moja, ukirudi kimesahau ulikuwa ukurasa wa ngapi. Hifadhi ya 32 nayo inapendeza machoni mpaka ujue kwamba mfumo wenyewe hujikatia zaidi ya GB10 kabla hujaweka hata picha moja ya mama mkwe. Na angalia ni Android ya ngapi. Kijana atakwambia “ni ya kisasa”. Kisasa si namba.

Ukubwa wa kioo unategemea utakachofanya, na hapa wanunuzi wengi hukosea. Vitabu vya shule vilivyomo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu vimepangwa kama kurasa za kitabu cha karatasi. Kwenye inchi saba mtoto atasoma sentensi kwa kuivuta kushoto na kulia kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Kwenye kumi, ukurasa unakaa. Kwa hiyo kama ni masomo, kumi. Kama ni katuni, nane inatosha, na mkono wa mtoto wa miaka sita haulemewi akakiachia kwenye sakafu ya saruji.

Maana kitaanguka, baba. Hela ya kava nene la mpira na protekta itenge kabla, usiitafute baada. Kioo cha simu utakipata kwa fundi wa kona yoyote. Cha kishikwambi, hasa kisicho na ukoo, fundi atakigeuza mara mbili, atakuna kichwa, atakwambia “tuagize”. Kuagiza huko sijawahi kuona mwisho wake.

Cha Wi-Fi tupu ni nafuu kuliko chenye laini, na kitakunywa bando kutoka kwenye simu yako. Faida yake ni kwamba ukitoka na simu, intaneti imetoka na wewe. Hasara yake ni hiyohiyo, utaisikia kwa mama mkwe. Na udai risiti ya EFD. Waranti ya kuandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya biashara huishia mlangoni.

*Shangazi, tulinunua kishikwambi cha watoto. Mume wangu akirudi saa mbili usiku anakichukua “akague kama kiko sawa”. Anakagua mpira wa Uingereza mpaka saa sita. Asubuhi watoto wanakikuta kina chaji asilimia mbili na matangazo ya kubeti. Nifanyeje? — Mke Halali, Tanga*

Mwanangu, umeandika kutoka Tanga, nami Tanga nina kisa chake. Kuanzia mwishoni mwa 2017, vijiji zaidi ya mia vya mkoa wenu viliingizwa kwenye jaribio la shindano la kimataifa, Global Learning XPRIZE. Watoto zaidi ya elfu mbili, wengi wao wasiokwenda shule, walipewa vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, vikiwa na programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Umeme ulitoka kwenye vituo vya jua, na kila kituo kilikuwa na mama wa kijiji wa kukisimamia. Mei 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Mimi katika habari hiyo nzima nilitafuta kitu kimoja: baba aliyerudi saa mbili usiku kukagua. Sikumwona. Nilichokiona ni mama aliyeshika chaja.

Kishikwambi cha familia hakipo, mwanangu. Kipo cha aliyekiwahi. Tangu siku ya kununua, mngeamua nani anakiwahi saa ngapi, maana hilo ni gumu kuliko RAM. Lakini hujachelewa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta “watumiaji”. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu mitala: kila mtu na chumba chake, picha zake na namba yake ya siri, na kila chumba hula hifadhi yake, ndiyo maana nilimwambia Baba Watatu 64. iPad ya nyumbani ni ndoa ya mke mmoja, haina vyumba. Wakishapata vyumba vyao, watoto wawekee Family Link ya Google. Utawapimia saa, utachagua programu, na usiku chumba chao kitajifunga chenyewe. Umri wa mumeo hauruhusu kumuweka humo, nimeangalia.

Kwa hiyo kwake tumia njia ya zamani. Chaja ilale chumbani kwako.

*Shangazi, dada yangu aliyeko Minneapolis ametutumia kishikwambi cha Amazon kinaitwa Fire. Play Store haimo, chaja haiingii ukutani, na kila nikiwasha kioo kinanitangazia bidhaa. Mwanangu anasema tumetumiwa kibovu. — Mdogo Mtu, Arusha*

Mwambie mwanao aombe radhi kwa shangazi yake. Hicho ni kizima. Ni binamu wa Android aliyekosana na ukoo wa Google, akafungua duka lake. Amazon walitoa cha kwanza 2011 kwa dola 199, wakati iPad ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 499, na hawakujificha: faida hawakuitafuta kwenye kifaa, waliitafuta kwenye vitabu na filamu utakazonunua ukishakuwa nacho. Hayo matangazo ndiyo yaliyomshushia dada yako bei. Kwa maneno mengine, ametuma mgeni anayelipiwa chakula na jirani, na jirani anataka kusikika.

Chaja yake soma maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 100–240V, umeme wetu inauweza, na kinachokosekana ni adapta ya vidole vitatu vya mraba. Laini haina pa kuingia, basi hotspoti. Programu utakazokosa ni nyingi, usihangaike nazo. Weka memori kadi yenye vitabu na video, na watoto wadogo hawatajua kuna duka lililokosekana. Kama ni toleo la watoto, utakuta ahadi nzuri ya miaka miwili: mtoto akikivunja, Amazon wanakupa kingine. Inabidi ukirudishe tu. Kutoka Arusha.

*Shangazi, nimepata iPad Air “used ya Dubai” kwa laki moja. Inaomba barua pepe na neno la siri la mtu simjui. Muuzaji anasema fundi atatoa. — Mwenye Haraka, Dodoma*

Huyo ni mke wa mtu, na talaka haijatoka. Kufuli hilo haliko ndani ya iPad, liko kwenye mitambo ya Apple, ndiyo sababu kuifuta na kuianza upya hakubadilishi kitu. Mwenyewe wa kwanza aiachie, au uiache. Na hata akiiachia, uliza ni Air ya mwaka gani. Ile ya kwanza ya 2013 iliishia iOS 12, na programu nyingi za leo zitaipita bila salamu.

*Shangazi, mimi ni mwalimu. Nilipewa kishikwambi kilichotumika kwenye sensa. Wanangu wanakiomba wachezee gemu, na mgongo wake umeanza kutuna. — Mwalimu, Singida*

Mwalimu, kifaa kilichoshiriki kuwahesabu Watanzania 61,741,120 mwaka 2022 kimeona mengi, lakini kilikuja kwako kwa kazi ya darasani, na wanao wewe ndiye unayewafundisha kuazima kwa ruhusa. Hilo la mgongo ndilo la haraka. Kikituna, betri imevimba. Usikichaji tena, usikibonyeze kirudi, usikiweke chini ya mto. Kipeleke kwa mwenye mamlaka nacho leo, kesho ni mbali.

Nilikuwa nimeshafunga kalamu, ikaingia barua nyingine kutoka Mbagala.

*Shangazi, samahani. Kijana alisema ikifika jioni bei inapanda. Nimekichukua. Nimeweka katuni nne kikasema kimejaa. Kibodi haina herufi Q. Mke wangu hajajua. Lakini mama mkwe amekipenda sana, anasikilizia kwaya. — Baba Watatu*

Marahaba tena, baba. Wateja wangu wa ndoa nao walikuwa hivihivi: barua inakuja kuomba ruhusa, na turubai la harusi limeshafungwa.

Usirudi Aggrey kupigana. Kijana hatakuwepo, au atakuwepo na hatakukumbuka. Katuni zote zitoe. Nunua memori kadi ya kweli, ndogo tu, ujaze kwaya, kisha umkabidhi mama mkwe rasmi, mbele ya mkeo, iwe zawadi. Utasifiwa. Laki na sabini iliyobaki usiiguse. Anza kudunduliza tena, na ukifika, nenda na mwanao mkubwa mkononi na CPU-Z kichwani. Wadogo watafutie vipindi vya Ubongo Kids, vile vya hapahapa Dar es Salaam vilivyoanza 2014, wavitazame kwenye televisheni. Hiyo haina GB.

Ila hukuniambia jambo moja. Saa inakwenda?