Watu Saba, Mkimbiaji Mmoja

Nyumbani kwetu tuko saba: mimi, fundi umeme, mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha darasa la tatu, mama yangu mzazi, watoto watatu, na dada anayetusaidia kazi. Tunakaa pembeni mwa mji wa Moshi. Hadi Septemba 2025 hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa mwanamichezo.

Mbio zilituingilia kupitia simu. Usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi huo, kijana wetu mkubwa alikesha kumtazama Alphonce Simbu akikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Kwetu bado kulikuwa na giza pale Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walipovuka mstari bega kwa bega, wote wawili kwa saa 2:09:48, hadi picha ya kamera ikatumika kuamua. Ushindi ukawa wa Simbu, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Kijana alipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Mwalimu alitoka chumbani akidhani kuna msiba. Alipoelezwa, aliketi akairudia video ile hadi kukapambazuka, na jioni aliporudi kutoka kazini akatangaza mezani kwamba Februari atakimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon.

Mama aliuliza swali moja tu: “Uji atapika nani?”

Wapo watakaoliona swali hilo kuwa la kukatisha tamaa. Kwangu lilikuwa swali la mtu anayeijua nyumba. Mwalimu lazima awe shuleni saa moja kasoro, kwa hiyo muda pekee wa kukimbia ni saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo ndiyo bomba letu lilikuwa likitoa maji, ndiyo saa ya kubandika uji, kunyoosha sare, kumwogesha kitinda mimba na kumpelekea Mama chai na dawa zake za magoti. Kwa miaka yote kazi hizo zilikuwa za Mwalimu na dada, na zilifanyika kimya kimya hata sisi wengine tukaziona kama zinajifanya zenyewe. Jioni ile tulizitaja moja moja na kugawana. Kijana akachukua maji, binti wa darasa la sita akachukua uji, mimi nikachukua kitinda mimba na sare, dada akabaki na usafi na chai ya Mama. Mwalimu akachukua barabara.

Kisa cha kwanza kilitokea mapema. Mwalimu alitoka na jaketi jeusi na kofia ya sufu ya kijana, maana alfajiri za Moshi zina ubaridi wake. Wiki hiyo jirani alikuwa ameibiwa kuku. Alipoona mtu mwenye kofia akipita mbio uchochoroni gizani, alipiga yowe la mwizi. Milango ikafunguka, watu wakatoka na fimbo na mapanga. Sote tunajua yowe kama hilo linaweza kuishia wapi, na ndiyo maana hadi leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Mwalimu hakuendelea kukimbia. Alisimama katikati ya njia, akavua kofia, akawaamkia kwa sauti ile ya darasani. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi wake akaitambua sauti kabla hajaiona sura.

Jioni hiyo mimi na yeye tulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kisha tukapita mlango kwa mlango kujieleza: kuanzia sasa, saa kumi na moja, anayepita mbio hapa ni Mwalimu. Jaketi jeusi likapewa likizo, ikatafutwa fulana ya njano. Jirani aliyepiga yowe aliona haya, ingawa hakuwa na kosa. Mtu aliyeibiwa ana haki ya kushtuka. Tangu siku hiyo huwasha taa yake ya nje alfajiri ili uchochoro uonekane. Tuliamua pia kwamba Mwalimu hatatoka peke yake. Kijana angejaza pipa usiku kila bomba likikubali, na alfajiri angemfuata mama yake kwa baiskeli akiwa na tochi.

Mgawo wetu wa kazi ukazaa kisa cha pili, cha uji. Binti alikuwa amepika uji mara nyingi akiwa na mama yake pembeni. Peke yake, hajawahi. Uji wa ulezi ulichemka, ukafura, ukamwagika na kuuzima moto wa jiko la gesi, wakati yeye yuko uani akisuuza vikombe. Gesi ikaendelea kutoka. Aliyeisikia harufu ni Mama, kutoka chumbani kwake. Mama ambaye kwa miaka hakupenda hata kulisogelea jiko lile alitoka na fimbo yake, akafunga koki ya mtungi, akafungua milango na madirisha yote, akakataza mtu kuwasha taa wala kiberiti. Mimi ni fundi umeme, najua cheche ndogo ya swichi ingetosha. Mama alituokoa sote.

Kuanzia kesho yake aliweka kigoda chake jikoni. Hakupika, magoti hayamruhusu kusimama, lakini alisimamia. Alimfundisha binti kukoroga kwa upande mmoja, kupunguza moto mapema, kutotoka jikoni hata kama nje kuna arusi. Aliyeuliza nani atapika uji akawa msimamizi wa uji. Na binti, kabla ya mwezi kuisha, alikuwa anapika uji ambao Mwalimu mwenyewe aliusifia.

Kijana naye alipata kisa chake. Jumamosi moja, siku ya mbio ndefu ya wiki, baiskeli ilipata pancha mbali na nyumbani. Alilazimika kuisukuma huku akikimbia kumfuata mama yake, na ndipo alipogundua kwamba hawezi kumfikia. Alirudi kimya. Sijawahi kumsikia tena akisema mama anakimbia polepole. Heshima aliyoipata Mwalimu siku ile machoni pa kijana wa kidato cha tatu, mimi baba nisingeweza kumfundisha kwa maneno.

Kisha ikaja Desemba. Asiyejua uchagani kunakuwaje Desemba aulize. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingine, na nyumba iliyo karibu na stendi haifungwi mlango. Tulilaza watu sebuleni, koridoni na kwenye gari la shemeji. Mbuzi alichinjwa, supu ya kisusio ikaivishwa, pombe ya mbege ikaletwa kutoka mlimani. Mwezi huo ndio ambao mazoezi ya Februari yanatakiwa kupanda: Jumamosi ya kilomita nyingi, kisha nyingi zaidi. Mwalimu alikuwa akilala saa sita usiku baada ya vyombo na kuamka saa tisa ili aache chakula cha wageni kabla ya kutoka. Mgawo wetu wa kazi haukuwa umehesabu vinywa vyote vile. Shangazi yangu mmoja, alipomwona akifunga kamba za viatu gizani, aliuliza kwa mshangao wa kweli: “Huyu mke anakimbia kwenda wapi?”

Viatu vyenyewe vilikuwa vya mtumba, vya soko la Memorial, vizuri na karibu vipya, vilivyotafutwa kwa subira kwa sababu mguu wa Mwalimu ni mdogo. Siku ya Boxing Day mpwa wangu alivivaa kwenda kucheza mpira, na mvua ilikuwa imenyesha. Vilirudi donge la tope. Dada, kwa nia njema kabisa, alivisugua kwa maji ya moto na kuvianika juu ya mabati, jua kali likavikuta. Gundi ikalegea na soli zikaachia mbele hadi katikati. Dada alilia, Mwalimu akamnyamazisha. Fundi viatu alivibandika na kuvishona, lakini soli iliyoshonwa ikawa ngumu, haipindi tena.

Wageni walipoondoka, Mwalimu alitaka kufidia kilomita alizozikosa. Katikati ya Januari kisigino kikakataa. Maumivu yalikuwa ya ajabu: hatua za kwanza asubuhi zilikuwa kama kukanyaga msumari, kisha yanapungua, kisha yanarudi jioni baada ya kusimama ubaoni kutwa. Mtaalamu wa fiziotherapia alitueleza vizuri. Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu unaoanzia kisiginoni hadi kwenye vidole, nao ndio unaoshika upinde wa mguu. Ukizidishiwa mzigo ghafla unaumia. Usiku unakaza, na hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayouvuta. Kilomita zilizoongezwa haraka na viatu visivyopinda vilikuwa vimesaidiana. Dawa ilikuwa kupumzika kukimbia, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku, kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, na kupata viatu vingine.

Watoto hawakukubali mapumziko. Walimkumbusha mama yao habari za John Stephen Akhwari, ambaye katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka akaumia goti, lakini akaendelea na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mama, aliyekuwa msichana mwaka huo, aliwajibu: “Akhwari aliumia siku ya kazi yenyewe. Siku ya mama yenu haijafika.” Nililiona neno hilo kuwa la hekima kuliko ushauri wote tuliopewa. Uvumilivu una siku yake. Anayeutumia wote kwenye mazoezi atafika kwenye mashindano mikono mitupu.

Kwa hiyo alipumzika, na ilikuwa ngumu kwake kuliko kukimbia. Alizunguka nyumba akitafuta la kufanya, akitaka kurudishiwa uji na maji. Tulimkatalia. Saa ile ilikuwa yake hata kama anaitumia akiwa ameketi kitandani ananyoosha miguu. Chupa ya barafu ilikaa kwenye friji, hadi asubuhi moja ikapotea. Ilionekana darasa la kwanza, ambako kitinda mimba wetu alikuwa ameipeleka kwa ajili ya joto la Januari na kuwagawia wenzake maji baridi. Tangu hapo zikagandishwa mbili, moja ikiandikwa kwa kalamu nene: MGUU.

Viatu vilibaki tatizo. Januari ni mwezi wa ada, sare na madaftari, na hakuna fundi umeme asiyejua jinsi wateja wanavyoadimika baada ya sikukuu. Fedha ya viatu ilikuja kwa simu, bila kuombwa, kutoka kwa shangazi yule aliyeuliza mke wangu anakimbia kwenda wapi. Aliandika maneno machache: amekuwa akiwaza swali lake tangu arudi Dar, na jibu amelipata mwenyewe. Hakulitaja, nasi hatukumuuliza.

Mwalimu alirudi barabarani taratibu, kutembea kwanza, kisha kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Alifanya pia mazoezi ya kuteremka, kwa sababu njia ya kilomita 21 inapanda Barabara ya Mweka kati ya migomba na kahawa, kisha inarudi chini, na kushuka kunaumiza mapaja kuliko wengi wanavyodhani: misuli inafanya kazi ya breki kila hatua.

Siku ya mbio, mwezi wa Februari, hakuna aliyeambiwa la kufanya. Pipa lilikuwa limejaa, uji ulikuwa mezani, kitinda mimba alikuwa ameoga. Mama hawezi kusukumana na umati wa uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, ambako mbio zinaanzia na kuishia, kwa hiyo tulimwekea kiti cha plastiki kando ya Barabara ya Mweka, tukasimama naye. Maelfu walipita, wenyeji na wageni, vijana na wazee. Mwalimu alipopita akipanda hakutuona; macho yalikuwa kwenye lami. Alipokuwa akishuka, Mama alisimama bila fimbo na kumwita “Mama!” kwa nguvu hadi wakimbiaji wengine wakageuka. Alimaliza kwa saa mbili na dakika arobaini na kitu, kisigino kikiwa salama.

Medali ni yake, na tunamwachia. Kilichobaki kwa nyumba nzima ni ule mgawo wa alfajiri, ambao hatujaufuta. Kijana bado anachota maji, binti bado anapika uji, nami najua sasa sare ya kila mtoto iko kwenye msumari gani. Nimeona kwa macho yangu kwamba kinachowazuia mama wengi kufanya mazoezi si uvivu wala umri wala maneno ya watu. Ni saa moja wasiyokuwa nayo, kwa kuwa sisi wengine tumeikalia.

Basi ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mama anayetamani kukimbia, kuogelea, kuimba kwaya au kutembea tu barabarani kabla jua halijachoma, usimnunulie viatu kwanza. Keti naye mezani, tajeni kazi zote za alfajiri moja baada ya nyingine, na wewe uwe wa kwanza kunyoosha mkono kuchukua yako.