Kwako Mheshimiwa Spika, Kuhusu Mkutano wa Mtaa Wetu

Kwa Mheshimiwa Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Taifa, Nairobi.

Mheshimiwa Spika, kwa taadhima kuu naomba radhi kukuondoa kwenye shughuli za taifa nikuletee habari za mtaa mdogo wa Mamboleo, Kisumu, wenye nyumba arobaini, kisima kimoja na lango moja.

Tunakushukuru kwa kuwa Bunge lako limetufikia. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakazi siku hizi ni Mheshimiwa. Mtu akitaka kumkatiza mwenzake huruka na kulia "hoja ya nidhamu!", na nidhamu ikaishia hapo hapo. Juzi tulianza kujadili mshahara wa bawabu saa nane mchana. Mkutano uliahirishwa na mbu wa ziwani.

Ila katika kukuiga, Mheshimiwa, tumechukua joho tukaacha kanuni. Katiba, Ibara ya 122, imekunyima kura. Mwenyekiti wetu hupiga yake, na kura zikilingana huongeza nyingine. Bungeni, mjumbe husemea hoja mara moja, kisha mtoa hoja ndiye hujibu. Huku kwetu mwenye nyumba ya ghorofa husema kila anapokumbuka kuwa ana ghorofa.

Kuhusu akidi, niwie radhi. Ibara ya 121 inataka wabunge 50, kati ya 349 wanaopiga kura. Kwa kipimo hicho, nyumba sita zingetosha kutupandishia ada ya maji. Hapo, kwa heshima zote, tungependa tusikuige. Runinga tunayo na viti vyako tumeviona.

Hata hivyo, walio karibu zaidi kutufunza ni wavuvi wa ufuo wa Dunga, hapa hapa Kisumu. Tangu kanuni za mwaka 2007 za vitengo vya usimamizi wa fuo (BMU), mwenye mashua hakai kamatini peke yake: vibarua wanaovua na wachuuzi wa samaki wana nafasi zao. Sisi wenye mageti na kamera bado tunasema mpangaji, anayelipia bawabu na taka kila mwezi, hana kura, ilhali mwenye nyumba aliyeko Nairobi anapiga yake kwa simu huku akiwa kwenye foleni ya magari.

Ombi langu ni dogo. Kanuni za Kudumu zilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2019; tafadhali tutumie nakala moja, na ukurasa unaozuia mtu kusema mara mbili uupigie mstari mwekundu. Kisha, ukijaliwa nafasi, tunakukaribisha uongoze mkutano wetu mkuu. Samaki yupo, kiti kipo, na wewe angalau tunajua hutapiga kura.

Wako mtiifu,
Mpangaji, nyumba ya mwisho kabla ya kisima