Jasho la Waokoa Mafaili: Mambo Nane, Kuanzia Jepesi Hadi Zito

Kadi ya kamera ya harusi imefomatiwa kimakosa. Bibi harusi hajaambiwa bado. Mpiga picha ameketi kwenye benchi la fundi, kichwa mikononi. Fundi anaipokea kadi, anakisukuma kwa ukucha kiswichi kidogo cha pembeni, anaichomeka, kisha anafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe: PhotoRec. Baada ya muda, folda iitwayo recup_dir.1 inaanza kujaa. Keki imerudi. Mashangazi wakitunza wamerudi. Mpiga picha anapumua.

Fundi anastahili asante yake. Ila kuna mwingine: Mfaransa Christophe Grenier, mwenye kazi hii ya PhotoRec na ndugu yake TestDisk, aliyoianza mwaka 1998 na kuitoa kwa leseni ya GPL. Msimbo uko wazi, na hulipi hata senti. Leo nampa yeye na wenzake wa programu huria za kuokoa mafaili heshima yao, kwa kupanga yanayowatoa jasho. Nimepanga mimi. Ubishi ruksa, lakini njoo na hoja.

8. Majina ya kukoroga akili

TestDisk haipimi diski. Inatafuta partisheni zilizopotea. PhotoRec haiishii kwenye picha. Hati, nyimbo na video pia inazichimbua. Halafu kuna ddrescue ya mradi wa GNU, kazi ya Antonio Diaz Diaz, na dd_rescue ya Kurt Garloff. Zote zinanakili diski inayokata roho, na zimetenganishwa na kistari kimoja. Debian imekiita kifurushi cha ile ya GNU gddrescue, lakini ukishaiweka, amri unayoandika ni ddrescue.

*Hukumu:* Ni Juma na Jumaa. Ukikosea herufi moja, umemsalimia mtu mwingine.

7. FAT, mfumo wenye huruma

Huu ndio mfumo wa mafaili wa flashi nyingi na kadi nyingi. Ukifuta faili, FAT inabadilisha baiti ya kwanza ya jina kuwa E5. PICHA.JPG inabaki ICHA.JPG, imeng'olewa jino la mbele. Ukubwa wake upo, mahali lilipoanzia papo. Kinachopotea ni mnyororo wa kuonyesha vipande vinavyofuata viko wapi. Faili likiwa limekaa kwa mfululizo, unalivuta lote. Likiwa limetawanyika, mtunza programu anaanza kubahatisha kwa akili.

*Hukumu:* Mwizi aliyeondoka na herufi moja na kuacha mlango wazi. Mifumo yote ingekuwa hivi, orodha hii ingeishia hapa.

6. Sare ya PK

PhotoRec haitegemei mfumo wa mafaili kabisa. Inapita diski nzima ikitazama sura za baiti. Sasa tazama: faili la Word la docx linaanza na herufi PK, za jina la Phil Katz aliyebuni ZIP. Kitabu cha epub, PK. Programu ya simu ya apk, PK. Ni mashangazi kumi waliovaa kitenge kimoja. Ili umjue wa kwenu, lazima umsogelee usoni.

JPEG nayo ina mtego wake. Inaanza na FF D8 na kuisha na FF D9, lakini tumboni mara nyingi imebeba picha ndogo ya onyesho yenye mwanzo na mwisho wake. Programu yenye pupa inakutana na mwisho wa ile ndogo, inakata hapo hapo, na bibi harusi anabaki nje ya faili. Ukidhani umemaliza, mwaka 2017 Apple ikaleta picha za HEIC kwenye iPhone, na watunzaji wakarudi mezani.

*Hukumu:* Shamba lisilo na msimu wa mapumziko. Kampuni inabuni muundo, mtu wa kujitolea anakesha.

5. ReiserFS, mti uliookota matawi ya jirani

Hapa ndipo nacheka peke yangu. Mfumo wa ReiserFS ukivunjika vibaya, kulikuwa na amri ya kuujenga upya mti wake. Amri ilipita diski yote ikiokota kila kilichofanana na tawi. Sasa, kama ndani ya diski hiyo ulihifadhi faili ambalo lenyewe ni nakala ya diski nyingine ya ReiserFS, matawi ya ile nakala nayo yaliokotwa na kupachikwa kwenye mti wako. Watoto wa jirani wamehesabiwa kwenu.

Linux iliuondoa mfumo huu kwenye toleo la 6.13, Januari 2025. TestDisk bado inaujua, na sawa kabisa, maana diski za zamani zingali makabatini.

*Hukumu:* Mfumo umezikwa, mirathi haijagawanywa.

4. ext3, mlinzi aliyechoma ramani

Kwenye Linux, ext2 ilikuwa ikifuta faili inaacha namba za vitalu vyake kwenye inodi, yaani kumbukumbu ya taarifa za faili hilo. Mwenye kutafuta alizifuata namba kama nyayo. Ikaja ext3 mwaka 2001, ikaanza kuzigeuza namba hizo kuwa sifuri, ili kompyuta ikizimika katikati ya kufuta, kazi iendelee salama baada ya kuwaka. Tumelindwa dhidi ya umeme kukatika, tukanyimwa njia ya kutengua kosa la kidole.

Lakini ext3 inaandika jarida la mabadiliko. Waliotengeneza ext3grep na extundelete wakaingia humo na kutafuta nakala za zamani za inodi, kabla hazijafutwa.

*Hukumu:* Mwenye nyumba kachoma ramani, wao wakaenda kusoma daftari la mlinzi getini. Huo ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote kwenye orodha hii.

3. Baiti zinazosema uongo

Programu nyingi husoma mafaili mazima. Programu ya kuokoa inasoma takataka kwa makusudi, na mara nyingi ikiwa na mamlaka yote ya kompyuta. Sekta iliyooza inadai, "Jina langu lina urefu wa baiti milioni nne." Programu ikiamini, inaanguka, au mbaya zaidi, inamfungulia mlango mtu aliyeipika diski hiyo kwa hila. Toleo la 7.0 la TestDisk, mwaka 2015, liliziba matundu ya namna hii. Na ukiufungua msimbo wa PhotoRec leo, katikati ya mistari utakuta maelezo ya Frama-C, zana ya kuthibitisha kwa hesabu kwamba msimbo hautoki nje ya mipaka yake.

*Hukumu:* Kila baiti ni shahidi, na hapa hakuna shahidi anayeaminiwa kwa kuapa tu.

2. TRIM, sifuri hadi upeo wa macho

Najua wengi mngeipa namba moja. Subirini.

Kwenye diski ya sahani, kufuta faili hakufuti kilichomo. Vitalu vinakaa hadi viandikwe upya. SSD ni habari nyingine. Kupitia TRIM, kompyuta inaiambia diski, "Vitalu hivi sivihitaji tena," nayo inavisafisha. Windows ilianza nayo kwenye Windows 7, mwaka 2009. PhotoRec ikipita hapo inasoma sifuri, sifuri, sifuri.

Mtunzaji hana dawa, na hapa ndipo namvulia kofia. Programu huria haina cha kukuuzia, basi inakuambia ukweli: mafaili yaliyopatikana, 0. Hakuna orodha ya kukutia tamaa, hakuna kitufe cha kulipia kwanza.

*Hukumu:* Mpira umekwisha na taa za uwanja zimezimwa. Bekapu ndiyo mechi ya marudiano.

1. Kuuzuia mkono usiandike

Ndiyo. Kazi nzito kuliko zote ni ile isiyoonekana: kutogusa.

Mwenye msiba anataka kitufe kimoja cha kurekebisha yote. Linganisha na fsck, ya tangu enzi za Unix pale Bell Labs. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane na nafsi yake. Kama tasnifu yako ni gharama ya maelewano hayo, itakuwa ndani ya lost+found, na namba badala ya jina. Kuokoa ni adabu nyingine. PhotoRec inafungua diski kwa kusoma tu. TestDisk inakuonyesha partisheni ilizozipata, ukibonyeza P unachungulia mafaili yaliyomo, na haiandiki jedwali jipya mpaka uchague Write na uthibitishe kwa Y.

Halafu anakuja mtumiaji, anahifadhi picha zilizookolewa kwenye kadi ile ile anayoiokoa. Kila picha inayotoka inaikalia nyingine iliyokuwa kwenye foleni.

*Hukumu:* Bingwa, bila kupigiwa kura. Kuongeza kitufe ni rahisi. Kukinyima ndiyo kazi ya ulinzi.

Mtu ataniambia miradi hii inajikokota: TestDisk 7.1 ilitoka Julai 2019, na 7.2 ikaja Februari 2024. Nami nasema, programu inayoshika diski ya mtu aliyepoteza kila kitu haina ruhusa ya kuwa na haraka.

Mnakikumbuka kile kiswichi alichokisukuma fundi kwa ukucha? Kinaiambia kompyuta isiandike kitu kwenye kadi. Kabla ya programu yoyote, alianza na namba moja. Kama bado unasema TRIM ndiyo bingwa, njoo tubishane hadi usiku. Lakini kama kuna kadi umeifomati leo, itoe kwanza kwenye kamera.