Gurudumu la Tatu la Mwalimu

Jioni moja ya Novemba, ukungu ukiwa umeifunika njia panda ya Kapsoit, abiria watano walisimamisha matatu ya Kisumu ambayo haikuwa matatu. Walichoona kikija ni taa mbili zilizoachana upana wa gari, mbili nyingine juu yazo, na kitu chekundu katikati kikiwaka na kuzima. Kilichosimama mbele yao ni mwalimu mstaafu mwenye gambuti na koti la mvua, juu ya pikipiki ya Boxer ya magurudumu matatu.

"Kisumu ni ngapi?" aliuliza mama mmoja, kikapu chake tayari kikiwa nyuma.

Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba yeye anaelekea nyumbani, kilomita mbili tu, na kwamba hata huko hana hakika ya kufika.

Chanzo cha yote ni utelezi. Nchi hii ya chai ya Kericho, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hunyeshewa mchana baada ya mchana, na barabara za udongo mwekundu ziingiazo mashambani huteleza kama mrenda. Ndani ya mwaka mmoja Mwalimu alianguka na pikipiki yake mara tatu, zote mahali pamoja, zote polepole, kama mtu anayeketi. Mara ya tatu alikuwa na mkewe na trei mbili za mayai. Mkewe hakusema neno. Alijipangusa matope, akaokota mayai yaliyopona, ambayo yalikuwa manne, akamaliza safari kwa miguu. Alifika nyumbani kabla ya pikipiki.

Ndipo kijana wao akamwonyesha baba yake picha kwenye simu: wazee wa Marekani, mvi kama zake, wameketi juu ya Honda Gold Wing zilizobadilishwa kuwa za magurudumu matatu, taa kila pembe, mke nyuma kwenye kiti chenye pa kuegemeza mikono. Picha haikusema kwamba Gold Wing ya siku hizi ina silinda sita, injini inayozidi 1,800 cc na namna ya kurudi nyuma bila kusukumwa. Boxer ya Mwalimu ilikuwa na silinda moja, 150 cc na subira.

Ushahidi wa kutetea magurudumu matatu haukumpiga chenga, maana alikuwa amefundisha historia tangu chaki ilipokuwa ya bure. Gari la Karl Benz lililopewa hataza mwaka 1886, aliwaeleza vijana wa bodaboda pale steji, lilikuwa na magurudumu matatu. Harley-Davidson walitengeneza Servi-Car, pikipiki ya magurudumu matatu, kuanzia 1932 hadi 1973, na polisi wa Marekani waliitumia. Kule Italia, Piaggio walitoa skuta mwaka 1946 wakaiita Vespa, yaani nyigu. Mwaka 1948 wakatoa ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, wakaiita Ape, yaani nyuki. Hilo ndilo lililomkolea zaidi. Nyigu huuma bure, alisema, lakini nyuki ana asali. Vijana wa steji walimsikiliza kwa heshima, kisha mmoja akauliza kama asali hiyo itatosha mafuta.

Wakulima wanaopeleka majani ya chai kwenye viwanda vya KTDA hupata bonasi yao karibu na Oktoba, na kati ya hapo na Krismasi mawazo ya kila aina huota Kapsoit. Mwalimu alipeleka lake kwa fundi wa jua kali. (Jina tu, jua lenyewe hapa huonekana asubuhi na kuaga saa nane.) Fundi alikuwa bingwa wa mageti na mikokoteni ya punda. Aliizunguka Boxer mara moja, akatema mate pembeni, akasema, "Hii ni ekseli tu, Mwalimu."

Kwa haki, Kericho ina sifa ya kale katika mambo ya magurudumu. Lile hekalu kubwa la Masingasinga mjini limejengwa mahali palipokuwa karakana ya Baba Puran Singh, aliyetengeneza magari ya kukokotwa kabla ya kuwa mtu wa kuheshimiwa duniani kwa mambo ya dini. Lakini gari la kukokotwa lina bahati moja: linafuata ng'ombe. Ekseli ya Mwalimu ilitakiwa kuongoza.

Ilikuwa bomba moja zima la chuma, magurudumu mawili yakiwa yameshikwa pande zote mbili, na cheni ikiizungusha. Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea mwendo mrefu kuliko la ndani. Ndiyo sababu magari yana difu, inayoliacha kila moja lizunguke kwa kasi yake. Bomba halijui habari hizo. Kila kona gurudumu moja lilikokotwa kwa nguvu juu ya lami, likilia kama mbuzi anayevutwa mnadani, na mashine yote ilipendelea kwenda mbele moja kwa moja.

Tena kuna suala la mwili uliokwisha kuzoea. Mwendesha pikipiki hageuzi usukani kama wa gari, huinama. Wilbur Wright, ambaye kabla ya ndege alikuwa fundi wa baiskeli, aliwahi kuona kwamba ukitaka kwenda kushoto kwa baiskeli, kwanza mikono husukuma usukani kidogo kulia bila wewe kujua. Juu ya magurudumu matatu, kusukuma kulia maana yake ni kwenda kulia. Kwenye kona ya kwanza Mwalimu aliinama kushoto kwa madaha ya miaka ishirini, pikipiki ikaenda kulia, ikaingia kwenye shamba la chai la jirani. Chai iliyopogolewa vizuri ni kama meza, na meza hiyo ilimpokea bila kumwumiza. Jirani alikuja, akasalimu "Chamgei" kwanza kama inavyopasa, akasubiri aitikiwe, ndipo akacheka.

Mashimo nayo. Pikipiki hulikwepa shimo. Ya magurudumu matatu hulikwepa kwa la mbele na kuliingia kwa mojawapo ya nyuma. Mwalimu alibaki na uhuru wa kuchagua lipi.

Mzigo ndio uliomaliza ubishi. Fundi alikuwa amechomelea kisanduku nyuma ya ekseli, na siku ya kwanza ya kupeleka majani kituoni magunia yalipangwa humo. Kwenye mlima mdogo tu, gurudumu la mbele liliinuka kwa utaratibu kama ng'ombe anayenusa mvua. Usukani ukawa huru kabisa, ukizunguka kote, na hakuna kilichobadilika. Suluhisho lilikuwa kumwomba mkewe apande mbele, juu ya tangi, awe uzito. Alikataa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haichapishiki hapa.

Mtu mwingine angeuza. Mwalimu aliongeza taa.

Hoja yake haikuwa mbaya. Ukungu wa huku, ukishirikiana na malori yanayoshuka kuelekea Awasi na Ahero, humfanya mtu atamani kuonekana. Alinunua nne za LED, wati 18 kila moja. Mwalimu wa fizikia angepiga hesabu: mara nne ni wati 72, gawa kwa volti 12, unapata ampea 6. Betri yake ilikuwa ya 5 Ah. Yaani kama mtambo mdogo wa kuchaji ulioko ndani ya injini hausaidii, betri inakauka kabla ya saa moja kuisha. Na mtambo huo uliundwa kwa taa ya mbele, ya nyuma, indiketa na honi, basi. Fundi aliunganisha waya moja kwa moja kwenye betri. Alipoulizwa fyuzi iko wapi, alisema ya nini, ikiungua si tutaona?

Tangu hapo kila kifaa kiliishi kwa kunyang'anya kingine. Akipiga honi, taa zinafifia. Akikanyaga breki, honi inakata kauli. Akisimama dukani kununua maziwa, anarudi kusukuma.

Na ukungu wenyewe ulimkataa. Ni matone ya maji yanayoelea. Ukiyamulika kwa mwanga mkali ulio juu, yanakurudishia mwanga huo machoni. Taa ya ukungu hufungwa chini, itandaze mwanga karibu na barabara, na wengi hupendelea ya njano. (Magari ya Ufaransa yalilazimika kuwa na taa za njano hadi 1993, ingawa sababu yake haikuwa ukungu tu.) Fundi alizifunga juu, "zionekane". Zilionekana. Kutoka Kapsoit kila mtu alimwona Mwalimu, isipokuwa Mwalimu hakuona kitu.

Jioni ile ya wale abiria watano, wa sita kufika alikuwa afisa wa trafiki. Aliizunguka mashine mara mbili, taratibu, kama mnunuzi. Taa nyekundu, alieleza, ni ya nyuma. Ya mbele ni nyeupe. Kitabu cha gari kinasema pikipiki, na mabadiliko kama haya yanataka ukaguzi na kitabu kurekebishwa NTSA, mamlaka ya usafiri, la sivyo bima inalinda chombo ambacho hakipo tena. Leseni ya Mwalimu ilikuwa A2, ya pikipiki. Magurudumu matatu ni A3.

Kisha akavua kofia. "Mwalimu, ulinifundisha darasa la saba," alisema. "Leo nakusamehe. Lakini hii utaisukuma."

Wale abiria walisaidia kusukuma hadi matatu yao halisi ilipotokea.

Boxer sasa imerudi kwenye magurudumu yake mawili, na taa mbili kati ya nne zinamulika banda la kuku kwa paneli ndogo ya sola. Ekseli iko nyuma ya nyumba, bomba zima, magurudumu yote mawili na kisanduku chake. Mwenye punda afike Kapsoit, aulizie kwa Mwalimu, bei ni maelewano.