Mweka Hazina wa Ironforge

Ragnaros ni adui mwenye adabu zake. Ni jitu la moto linaloishi chini ya mlima Blackrock, lina nyundo ya kutisha na mdomo mchafu, lakini angalau halihami. Likizama kwenye ziwa lake la moto, baada ya dakika moja na nusu linaibuka palepale. Mwanachama akizama siku ya kulipa mchango haibuki tena mpaka siku ya kugawana ngao.

Kwa asiyecheza World of Warcraft: hii ni gemu ya mtandaoni iliyotoka Novemba 2004, na Agosti 2019 ikarudishwa kwa sura ya kale, pamoja na mateso yake yote ya kale, kwa jina la Classic. Mojawapo ya mateso hayo ni kwamba pango la Ragnaros limepangiwa watu 40, na kila mmoja anatakiwa aje na dawa yake ya kukinga moto, deraya isiyo na nyufa, na bando lisilokata katikati ya vita. Watu 40 hawaokotwi barabarani. Ndiyo maana wachezaji huunda vyama, na ndivyo nilivyopata ukatibu ambao mpaka leo sijui niliugombea lini.

Tulianza Waswahili saba: wawili Dar es Salaam, mmoja Tanga, dada mmoja wa Mombasa, kijana wa Muscat, mwingine Leicester na mwingine Minneapolis. Wote tulikuwa tumechoka kuwa wageni kwenye vyama vya watu, ambako ukisema habari za jioni unajibiwa kwa kuulizwa kama umekuja na dawa. Tukasema basi, tuwe na chetu. Jina silitaji hapa, maana nusu ya wanachama bado tunadaiana.

Kusajili chama ni kazi rahisi mpaka uianze. Unakwenda kwa karani mjini Stormwind, unalipa sarafu 10 za fedha, unapewa hati, kisha unatafuta saini tisa za watu wasio na chama. Sisi wenyewe tulikuwa na sita; tatu zikatutoa jasho. Ndipo ndugu yetu wa Tanga, ambaye aliwahi kuzunguka na kampeni za udiwani na anajua watu wanavyopatikana, alipokwenda kusimama mbele ya benki ya Stormwind na kutangaza kwamba atakayesaini anaondoka na dhahabu taslimu. Nilidhani tutafungiwa. Kumbe hiyo ni biashara ya kila siku! Wako watu ambao kazi yao ni kusaini hati za wengine, kupokea chao na kutoka kabla hawajakaribishwa. Wawili kati ya watatu wetu walifanya hivyohivyo.

Wa tatu akabaki. Alikuwa Mswidi, anachezea kibinti kifupi chenye nywele za waridi, na Kiswahili hakijui. Tulikuwa tukibishana kwa maandishi nusu saa nzima, matusi ya pwani na ya bara yakipishana, halafu yeye anaandika "sawa" na kulipa mchango wake. Ndiye peke yake katika chama kizima ambaye sikuwahi kumkumbusha.

Kuandikisha wengine nikaachiwa mimi. Tangazo la kwanza niliandika kwa heshima zote: mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, awe na uzoefu, nidhamu, vifaa kamili, na aweze kuhudhuria Jumatano na Jumapili. Kimya. Nikaondoa uzoefu. Kimya. Nikaondoa nidhamu, wakaja wengi, wote wasio na nidhamu. Tangazo la mwisho lilibakiwa na sharti moja tu, kwamba mwombaji awe na vidole.

Hata tulipoongezeka, saa zilitukataa. Vita vya seva za Ulaya huanza jioni ya huko, ambayo kwetu ni saa nne usiku. Muscat ni saa tano, na kijana ana kazi asubuhi. Leicester ni saa moja jioni, muda wa kulisha watoto. Minneapolis ni saa saba mchana, na ndugu yetu alikuwa ofisini, laptopu imefichwa nyuma ya mafaili. Usiku mmoja, tukiwa tunatembea kwa uangalifu pembezoni mwa moto, akanong'ona kwenye kipaza sauti, "Bosi anakuja!" Kwenye gemu bosi ni adui mkubwa kama Ragnaros, na mtu mzima angeuliza bosi yupi. Sisi tulikimbia kila mmoja upande wake, tukaangukia motoni karibu wote. Alikuwa ni meneja wake, amekuja kuulizia ripoti.

Kufa huko si bure. Kila ukifa deraya inachakaa, na fundi wa gemu hakopeshi. Kwa hiyo tukafika kwenye fedha.

Classic ilianza bila benki ya chama. Benki hiyo iliongezwa kwenye gemu yenyewe Novemba 2007, na sisi tulikuwa tumejirudisha nyuma ya hapo kwa hiari yetu. Vyama vya namna hii huweka mali kwa mhusika mmoja wa kutunza tu. Wetu alikuwa mzee wa ngazi ya kwanza, anasimama kando ya sanduku la posta mjini Ironforge mchana na usiku, hajawahi kuua hata sungura, na mfukoni ana hazina yote ya Waswahili. Funguo zake nilikuwa nazo mimi. Mchango ulikuwa dhahabu tano kwa wiki, na hapo ndipo chama kilipogeuka kamati ya harusi. Ahadi zilikuwa nzuri kuliko fedha. Mmoja aliniandikia kwamba amefiwa. Nilipompa pole, akafafanua kwamba aliyekufa ni yeye, mara nne, kwa dubu yuleyule.

Dada wa Mombasa aliona nawasumbua watu. Nikamsimulia yaliyotokea EVE Online, gemu ya vita vya anga inayotengenezwa Iceland. Januari 2014 muungano mmoja mkubwa uliacha malipo ya kumiliki mfumo wa nyota uitwao B-R5RB bila kulipwa. Maadui wakaona mwanya. Vita vikaenda saa 21 hivi, wachezaji zaidi ya 7,500 wakaingia, na meli 75 za daraja la juu kabisa zikateketea. Walioipigia hasara hiyo hesabu ya fedha halisi walitaja dola 300,000 na zaidi. Bili moja. Dada akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kulipa yake mwisho wa mwezi.

Kilichotuokoa ni mtindo wa zamani. Mwaka 1999, chama kiitwacho Afterlife katika gemu ya EverQuest kilibuni pointi za kuua joka: ukihudhuria unapewa pointi, na kinapopatikana kitu kizuri, mwenye pointi nyingi ndiye mwenye haki ya kukidai. Tukauiga, mchango nao tukauhesabia pointi. Watu ambao dhahabu tano ziliwashinda wakaanza kuja dakika ishirini kabla ya saa. Tukaungana na Wapolandi fulani kujazia idadi, na Ragnaros akaanguka.

Lakini usiku ule wa ushindi nilisahau kwamba ukuta wa kwa shangazi, Tabata, ni mwembamba. Shangazi alishazoea kunisikia nikisema "nimekufa, nifufueni haraka". Alichosikia safari hii ni hiki: "Jamani, dhahabu elfu mbili na mia tatu zipo, na hazitoki bila mimi." Asubuhi nilikuta mayai mezani. Katika nyumba ile mayai hupewa mgonjwa na mgeni.

Jioni akapiga simu mjomba wa Kahama, ambako watu wanaijua dhahabu kwa macho.

"Ni ya mawe au imeshasafishwa?"

"Shikamoo mjomba. Ni ya kwenye gemu."

"Marahaba. Hata hapa wenye nayo husema hivyohivyo."

Nikamweleza kwamba haishikiki, na kwamba kuiuza kwa fedha halisi kumekatazwa na wenye gemu, ukikamatwa unafungiwa akaunti. Akaguna kwa huruma. "Kumbe na nyinyi wanawasumbua na leseni."

Nilipozidi kukana ndivyo heshima ilivyopanda. Harusi ya binamu ilipokaribia, kamati ilinichagua mweka hazina bila kura, kwa hoja ya mjomba kwamba aliyeshika dhahabu elfu mbili na akaendelea kuvaa vile ni mwaminifu. Nilifanya nilichokijua. Kila aliyehudhuria kikao akapata pointi, aliyelipa ahadi kabla ya tarehe akapata zaidi, na pointi zikawa zinaamua nani anakaa meza iliyo jirani na chakula. Shangazi wawili waliokuwa hawasemezani tangu msiba wa babu walifika kikao cha Jumapili kabla ya mwenyekiti.

Kwenye chama nilitaja tu kwamba nitakosa vita kwa sababu ya harusi. Mswidi akaandika "sawa", na baada ya siku chache akatuma mchango uliotosha kadi ya watu wawili. Jina lake halisi hatukuwahi kulijua, hivyo kadi ikaandikwa la yule kibinti mwenye nywele za waridi, na penye anwani nikajaza ninayoifahamu. Siku ya siku, mshereheshaji akawa anasoma waliochangia kutoka mbali. Akamaliza Mwanza, akamaliza Muscat, kisha akatangaza kwa sauti nzito kwamba kutoka Ironforge kuna mama mmoja ambaye moyo ulitaka kuja lakini umbali umemzuia. Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele.

Mjomba akaniinamia. "Huko Ironforge ndiko iliko ile dhahabu?"

Nikamwambia ndiko. Akataka kujua nauli.